Msimlaumu Mtoto: Historia ya Tovuti Zinazoambukiza Kompyuta ya Nyumbani

Kuna swali moja ambalo sisi tunaotengeneza programu tumelisikia mno. Kompyuta ya nyumbani imeanza kwenda pole pole, matangazo yanachomoza bila kuitwa, na ukurasa wa kwanza wa kivinjari umebadilika wenyewe. Mwenye nyumba haulizi "imetokea nini?" Anauliza "nani aliingia tovuti mbaya?" Na jibu huwa liko tayari: ni mtoto, ni yule binamu aliyekuja likizo, ni msaidizi wa nyumbani. Yeyote aliyekuwa wa mwisho kukalia kile kiti ndiye mshukiwa.

Leo nataka tuipitie historia ya jambo hili, kwa sababu historia yenyewe inalikanusha swali hilo. Mara nyingi maambukizi makubwa yalipitia tovuti za heshima: magazeti, viwanja vya michezo, biashara za kawaida kabisa. Waliopatwa hawakuwa wamefanya kosa lolote ila kufungua ukurasa. Na kilichokuja kupunguza balaa hili hakikuwa nasihi ya "kuweni makini". Yalikuwa ni mabadiliko ndani ya programu zenyewe. Ukiyajua hayo, utajua pia la kufanya na kompyuta iliyo sebuleni kwako.

Haya, tuanze mwanzo.

Ukurasa wa kusoma tu

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akiwa katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN huko Uswisi, aliandika pendekezo la kuunganisha nyaraka za watafiti. Kufikia 1991 wavuti ulikuwa umefunguliwa kwa watu wa nje. Ukurasa wa siku hizo ulikuwa maandishi na viungo. Kivinjari kiliusoma na kukuonyesha, basi. Kuogopa ukurasa wa aina hiyo ni sawa na kuogopa gazeti.

Mambo yaligeuka mwaka 1995. Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliunda lugha ya JavaScript kwa takriban siku 10 mwezi Mei, ili kurasa ziweze kufanya kazi ndogo ndogo. Mwaka huo huo kampuni ya Sun ilileta Java. Tangu hapo ukurasa haukuwa tena karatasi tu. Ulikuja na maagizo, na maagizo hayo yalitekelezwa na kompyuta yako wewe, si ile iliyoyatuma.

Waliobuni Java waliiona hatari. Programu iliyotoka kwenye ukurasa iliwekwa ndani ya kizimba: icheze humo, lakini isiguse faili zako. Microsoft ilichukua njia nyingine. Teknolojia yake ya ActiveX ya mwaka 1996 haikuwa na kizimba. Programu ya ActiveX ikishaingia, iliweza kufanya lolote unaloweza kufanya wewe mwenyewe. Ulinzi wake ulikuwa saini ya kidijitali ya aliyeitengeneza, na kidirisha kilichokuuliza kama unamwamini mtu huyo.

Mwaka huo huo mtengenezaji programu mmoja Mmarekani, Fred McLain, alionyesha udhaifu wa mpango huo. Aliandika programu ndogo ya ActiveX, akaiita Internet Exploder, na akaitia saini halali kwa cheti cha kampuni ya VeriSign. Kazi yake ilikuwa moja: kuzima kompyuta ya Windows 95 ya aliyetembelea ukurasa. Hapo ikaonekana wazi kwamba saini inakuambia nani ameandika programu, lakini haikuambii programu itafanya nini. Mwaka 1997 kikundi cha Chaos Computer Club cha Ujerumani kilikwenda mbele zaidi. Kilionyesha kwenye televisheni programu ya ActiveX iliyoingia katika Quicken, programu ya hesabu za nyumbani, na kuweka humo agizo la kuhamisha pesa.

Kumbuka tukio hilo tunapoendelea, kwa maana hapo ndipo mtu wa nyumbani alipofanywa askari wa geti. Aliulizwa "unamwamini?" bila kupewa njia yoyote ya kujua.

Mgema akisifiwa

Internet Explorer 6 ilitoka Agosti 2001, na Windows XP ikafuata Oktoba. Netscape ilikuwa imekwisha kushindwa. Miaka miwili mitatu iliyofuata Internet Explorer ilikuwa mikononi mwa zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wa wavuti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: toleo la 7 halikuonekana hadi Oktoba 2006, miaka mitano baadaye.

Kwa mwandishi wa virusi hali hiyo ilikuwa sikukuu. Karibu kila nyumba ilikuwa na kivinjari kimoja, chenye mianya ile ile. Tena katika Windows XP akaunti zilizotengenezwa wakati wa kuiweka zilikuwa za msimamizi. Chochote kilichoingia kupitia kivinjari kilirithi funguo zote za nyumba.

Tarehe 18 Septemba 2001 kirusi cha Nimda kilianza kusambaa. Kilikuwa na njia kadhaa: barua pepe, folda zilizoshirikiwa ndani ya ofisi, na moja iliyowashtua wengi. Kiliingia katika seva za wavuti za Microsoft na kuongeza mstari mfupi wa JavaScript kwenye kurasa zilizokuwamo. Aliyetembelea tovuti hiyo kwa Internet Explorer isiyo na kiraka alifunguliwa faili lenye kirusi. Hakubofya kitu, wala hakuulizwa kitu. Kiraka cha mwanya huo kilikuwa kimetoka Machi mwaka huo, karibu miezi sita kabla.

Unaweza kusema: basi kosa ni la asiyeweka kiraka. Ngoja tufike Juni 2004. Wahalifu walivamia seva za makampuni mbali mbali zilizotumia programu ya IIS na kupachika msimbo mwishoni mwa kurasa. Msimbo huo ulimpeleka mgeni kimya kimya hadi kwenye seva iliyokuwa Urusi, nayo ikamwekea programu ya kunasa anachoandika kwenye kibodi. Tukio hili lilijulikana kama Download.Ject. Safari hii mwanya mmojawapo wa Internet Explorer haukuwa na kiraka. Mtu aliyeweka viraka vyote vilivyokuwapo duniani, na aliyetembelea tovuti halali tu, aliambukizwa vile vile. Kituo cha serikali ya Marekani cha dharura za kompyuta, katika orodha yake ya hatua za kujikinga, kiliandika jambo ambalo halikutarajiwa kutoka serikalini: tumia kivinjari kingine.

Na kingine kilikuwa njiani. Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Microsoft nayo ilikuwa imetoa mnamo Agosti furushi kubwa la viraka kwa Windows XP, lililoitwa Service Pack 2. Furushi hilo liliwasha fayawali bila kungoja mwenye kompyuta aiwashe, likazuia vidirisha vinavyochomoza, na likaifanya Internet Explorer iache kupokea programu za ActiveX kwa pupa.

Kiraka cha megabaiti 266

Hapa niingize habari ya kwetu, kwa sababu ushauri wa "weka viraka" uliandikwa na watu wenye intaneti ya kasi.

Faili kamili la Service Pack 2 lilikuwa na takriban megabaiti 266. Wakati huo nyumba nyingi za Kenya zenye intaneti zilipiga simu kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde. Chukua kalamu upige hesabu: hata modemu ikienda kwa kasi yake kamili bila kukatika, faili hilo linahitaji zaidi ya saa 10. Modemu haikuwahi kwenda kwa kasi kamili, laini ilikatika, na kila dakika ilikuwa ni pesa. Intaneti yote ya nchi ilipitia setilaiti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, miaka mitano baada ya furushi lile.

Kwa hivyo viraka vilisafiri kwa CD, vikipitishwa mkono kwa mkono, na wengi havikuwafikia kabisa. Kulikuwa pia na woga. Mwaka 2005 Microsoft ilianza kudai uthibitisho kwamba Windows yako ni halali kabla ya kukuruhusu kupakua nyongeza fulani. Viraka vya usalama havikuzuiwa, hata kwa nakala zisizo na leseni. Lakini habari iliyoenea mitaani ilikuwa moja tu: ukisasisha, utashikwa. Watu wakazima masasisho wakidhani wanajilinda. Nikikutana leo na mtu anayezima masasisho "yasimletee shida", najua mazoea hayo yametoka wapi.

Picha yenye maagizo ndani

Mwishoni mwa Desemba 2005 lilitokea tukio ambalo mimi hulitumia kila ninapotaka kueleza kwa nini umakini peke yake hautoshi.

Windows ilikuwa na aina ya faili za picha inayoitwa WMF, iliyobuniwa zama za Windows za awali. Siku hizo uchapishaji ulichukua muda mrefu, kwa hiyo faili la picha liliruhusiwa kubeba kipande cha programu cha kuitwa endapo mtu atasitisha kazi ya printa. Ulikuwa uamuzi wenye maana kwa wakati wake, na faili lilitoka ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Miaka 15 baadaye picha zilikuwa zikitoka kwa mtu yeyote duniani, na uwezo ule ulikuwa bado umo. Wahalifu wakatengeneza picha ambazo, zikionyeshwa tu, zinaendesha programu yao.

Hebu fikiri. Utamwambia mtoto nini? Asitazame picha?

Microsoft haikuwa na kiraka bado. Tarehe 31 Desemba mtaalamu mmoja aitwaye Ilfak Guilfanov, asiye mfanyakazi wa Microsoft, alitoa kiraka chake mwenyewe, na wataalamu wa usalama wakawashauri watu wakiweke bila kungoja. Kiraka rasmi kilitoka tarehe 5 Januari 2006, siku chache kabla ya ratiba ya kawaida.

Uhalifu unafungua duka

Hadi hapo mtu aliyetaka kuambukiza wageni wa tovuti alihitaji ujuzi. Miaka ya 2006 na 2007 ujuzi huo ukaanza kuuzwa dukani. Programu iitwayo MPack, iliyotengenezwa na Warusi, iliuzwa kama bidhaa nyingine yoyote, pamoja na matoleo mapya. Mnunuzi aliiweka kwenye seva yake. Mgeni akifika, MPack ilichunguza kivinjari na mfumo wake, ikachagua mwanya unaomfaa, ikaambukiza, kisha ikamwandikia mwenyewe takwimu: wangapi wamefika, wangapi wameshikwa, kutoka nchi gani. Juni 2007 zaidi ya tovuti 10,000, nyingi za Italia, zilipachikwa msimbo uliowapeleka wageni kwa MPack.

Februari 2007, siku chache kabla ya fainali ya Super Bowl kati ya Colts na Bears, tovuti ya uwanja wa Dolphin Stadium huko Miami, ambako mechi ingechezwa, ilikutwa imepachikwa msimbo wa aina hiyo. Ni tovuti ambayo mzazi yeyote angemruhusu mwanawe kuifungua.

Mwaka huo huo watafiti wa Google, wakiongozwa na Niels Provos, walichapisha utafiti uliowasaidia wengi kuelewa ukubwa wa jambo. Walitengeneza kompyuta za kuigiza ndani ya seva zao, zenye Windows na Internet Explorer isiyo na viraka, wakazituma zitembelee kurasa. Kisha wakaangalia kama kuna programu mpya iliyoanza yenyewe. Katika kurasa milioni 4.5 walizozichunguza kwa undani, 450,000 ziliambukiza kompyuta. Usikimbilie kusema ni ukurasa mmoja katika kila kumi ya wavuti wote. Kurasa hizo zilikuwa zimechujwa kwanza kwa sababu zilitiliwa shaka. Hata hivyo, ni nyingi.

Muhimu zaidi ni walipoeleza sumu inaingilia wapi. Walitaja njia nne: seva iliyovamiwa, maoni na maandishi ya wageni yasiyochujwa, matangazo, na vifaa vidogo vya watu wengine ambavyo wenye tovuti huvipachika. Mfano mmoja haujanitoka akilini. Kulikuwa na kihesabu cha wageni, kile kinachoonyesha "wewe ni mgeni wa 1,204", kilichotolewa bure tangu 2002. Watu walikipachika kwenye kurasa zao kwa nia njema. Mwaka 2006 kikabadilika, kikaanza kushambulia kila aliyefungua ukurasa wenye kihesabu hicho. Mwenye tovuti hakugusa chochote, wala mgeni hakugusa chochote. Sumu iliingia kupitia mtu wa tatu ambaye wote wawili walikuwa wamemsahau.

Mwaka 2008 timu hiyo hiyo ilitoa matokeo ya miezi kumi: zaidi ya kurasa milioni 3 zenye hatari katika zaidi ya tovuti 180,000. Takriban asilimia 1.3 ya maswali yaliyotafutwa Google yalileta angalau ukurasa mmoja wa hatari katika majibu.

Siku wavuti wote uliitwa mbaya

Kutokana na kazi hiyo Google ilianza, mwaka 2006, kuweka onyo chini ya majibu ya utafutaji kwamba tovuti fulani inaweza kudhuru kompyuta yako. Orodha hiyo baadaye ikaingizwa ndani ya vivinjari vyenyewe. Firefox 3 ya Juni 2008 ilikuwa nayo, na leo Chrome, Firefox na Safari zinaitumia. Ule ukurasa mwekundu unaokuzuia njiani unatoka huko.

Orodha hii ina kisa chake. Jumamosi tarehe 31 Januari 2009, kuanzia kama saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za Nairobi, kila jibu la Google duniani lilikuja na onyo la hatari, hata tovuti ya Google yenyewe. Watu waliokuwa saiba jioni hiyo walidhani mashine zimeingiwa na kirusi. Kumbe mfanyakazi mmoja, katika kusasisha orodha, alikuwa ameingiza alama ya mkwaju peke yake, yaani "/". Alama hiyo imo katika kila anwani ya wavuti, kwa hiyo kila anwani ikalingana nayo. Katika muda wa chini ya saa moja kosa lilikuwa limerekebishwa.

Mimi husimulia kisa hiki si kwa kuwacheka. Kinaonyesha jinsi kazi ya ulinzi ilivyokuwa imeanza kumtoka mtu wa nyumbani na kwenda kwa wenye uwezo nayo. Kabla ya hapo kila mtu alikisia peke yake kama tovuti ni salama. Sasa kulikuwa na mtu mwingine aliyetembelea kwanza.

Kizimba kinarudi

Tarehe 2 Septemba 2008 Google ilitoa Chrome. Watu wengi walikumbuka kasi yake. Sisi tunaoandika programu tulitazama mambo mawili mengine.

La kwanza ni kizimba, wazo lile la Java ya 1995. Chrome iligawanya kazi yake, na sehemu inayosoma ukurasa ilinyimwa ruhusa ya kugusa faili zako. Mwanya ukipatikana humo, mhalifu anajikuta ndani ya chumba kisicho na mlango wa pili. La pili ni masasisho ya kimya. Chrome haikuuliza. Ilijisasisha yenyewe ukiwa unasoma habari. Kwa mara ya kwanza nyumba isiyo na fundi ilikuwa na kivinjari chenye viraka vipya.

Wahalifu hawakulala. Kuta za kivinjari zilipopanda, walihamia kwenye programu za pembeni zilizochomekwa ndani yake: Java, Adobe Reader na Flash. Hizo zilikuwa karibu kila kompyuta, na watu hawakuzisasisha. Maduka yakawa makubwa zaidi. Blackhole, iliyojitokeza mwaka 2010, haikuuzwa tu bali ilikodishwa kama chumba. Mwenyewe, aliyejiita Paunch, alikamatwa Urusi Oktoba 2013, na mwaka 2016 akahukumiwa miaka saba. Januari 2013 mwanya mmoja wa Java ulikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ya Marekani iliwashauri watu waizime kabisa katika vivinjari.

Matangazo nayo yakawa mto wa sumu. Septemba 2009 tovuti ya New York Times ilionyesha wasomaji dirisha lililodai kompyuta yao ina virusi na kuwauzia dawa bandia. Walioweka tangazo hilo walijifanya kampuni ya simu ya Vonage, wakaanza na matangazo ya kawaida, kisha wakayabadilisha mwishoni mwa wiki. Machi 2016 matangazo yenye sumu yalionekana kwenye tovuti za New York Times, BBC na ligi ya NFL, yakiwapeleka wageni kwenye vifaa vya mashambulizi kikiwemo Angler. Angler ilikuwa njia mojawapo kuu ya kuingiza programu zinazofunga faili zako na kudai kikombozi. Ilitoweka Juni mwaka huo, baada ya polisi wa Urusi kukamata genge la watu takriban 50.

Lakini mwisho wa biashara hii haukuletwa na polisi peke yao. Uliletwa na kufungwa kwa milango. Chrome iliacha kupokea Java mwaka 2015, na Firefox ikafuata mwaka 2017. Adobe iliizika Flash tarehe 31 Desemba 2020. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Mianya bado hupatikana, na silaha za aina hiyo bado zipo, lakini sasa ni ghali, na mara nyingi hulengwa watu maalum, kama waandishi wa habari na wanasiasa, kuliko familia iliyokaa sebuleni.

Mlango uliobaki

Basi wahalifu wamerudi pale pale walipoanza mwaka 1996, kwa kidirisha kinachouliza swali. Kama kompyuta haiingiliki, muombe mwenyewe akufungulie.

Aina moja ni sasisho bandia. Tovuti halali iliyovamiwa inakuonyesha ukurasa unaosema kivinjari chako kimezeeka, pakua kipya hapa. Nyingine imeenea sana tangu 2024: ukurasa unakuambia uthibitishe kwamba wewe si roboti, kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukurasa umeshanakili agizo kwa siri. Ukifuata hatua hizo, wewe mwenyewe umelibandika na kuliendesha. Kizimba hakikusaidii, kwa sababu umetoka nje yake kwa miguu yako. Hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wako kwa njia hiyo.

Hapa ndipo umakini unapohitajika kwa kweli, na hapa ndipo lawama inapodhuru zaidi. Mtoto aliyezoea kukaripiwa kwa kila dirisha linalochomoza hatakuambia alichobonyeza. Atakaa kimya, na wewe utagundua pesa zikiwa zimeshaondoka. Nyumba ambayo mtu anaweza kusema "nimebofya kitu, njoo uone" iko salama kuliko nyumba yenye sheria ishirini.

Ufanye nini leo

Historia hii yote inanipa ushauri mfupi tu:

1. Acha masasisho yajiendeshe, ya mfumo na ya kivinjari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama bado una Windows 10, jua kwamba Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hamia toleo jipya. Mashine ikiwa haiwezi, mfumo wa Linux hauna gharama ya leseni na unafaa kwa kompyuta nyingi za mitumba.

2. Kila mtu nyumbani atumie akaunti ya kawaida. Ya msimamizi ibaki kwa kazi ya kuweka programu tu, hata kama msimamizi ni wewe.

3. Punguza milango. Ondoa programu usizotumia na viongezi vya kivinjari usivyovikumbuka. Kile kihesabu cha wageni kikukumbushe kwamba kitu cha bure kinaweza kubadilisha mwenye nia.

4. Weka kizuia matangazo. Hata shirika la FBI la Marekani lilipendekeza hivyo Desemba 2022, baada ya wahalifu kununua matangazo yanayoiga majina ya kampuni halali katika matokeo ya utafutaji.

5. Antivairasi iliyomo ndani ya Windows inatosha nyumba nyingi. Ukurasa wowote unaokuambia "una virusi, pakua hii" unasema uongo. Ufunge.

6. Weka nakala ya picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Diski iliyochomekwa siku zote itafungwa pamoja na kompyuta.

7. Sasisho la kivinjari lichukue ndani ya kivinjari chenyewe, kamwe si kutoka kwenye ukurasa uliokuja kukuambia.

Na mara nyingine kompyuta ya nyumbani ikiugua, uliza kwanza masasisho yalizimwa lini na nani alikuwa na akaunti ya msimamizi. Swali la nani aliyekalia kile kiti mwisho liwe la baadaye kabisa, kama litabaki.

Kwa leo naishia hapa.